Lenzi ya kulenga kwa mkono: Jinsi ya kuchagua iliyo nafuu kwa picha za sura

Na MWANDISHI WETU

MEZA za wahariri wa magazeti hupokea kila siku picha za watu walioaga dunia, zikiandamana na matangazo ya tanzia. Nyingi hazikupigwa kwa ajili hiyo. Huyu amekatwa kutoka katika picha ya harusi, na mkono wa mtu mwingine ungali begani mwake. Yule ametolewa kwenye kitambulisho. Wa tatu alipigwa kwa simu usiku, na uso wake umefifia kiasi kwamba hata wanawe humtambua kwa leso aliyojitanda.

Baada ya miaka mingi ya kupanga kurasa hizo, mwandishi wa makala haya amefikia kauli moja. Hatupungukiwi na picha. Simu zetu zimejaa picha. Tunachopungukiwa ni picha za sura, yaani zile ambazo mtu ameketi, ametulia, akapigwa na mwenzake aliyenuia kumwonyesha jinsi alivyo.

Kazi hiyo haihitaji studio ya gharama kubwa. Katika nyumba nyingi, na mikononi mwa vijana wengi wanaojitafutia riziki kwa kupiga picha za harusi na mahafali, mna kamera ya dijitali ya mtumba iliyokuja na lenzi yake ya kawaida. Kamera hiyo inatosha. Kinachoizuia kutoa picha ya sura iliyo bora kuliko ya simu ni lenzi.

Habari njema ni kwamba lenzi ifaayo yaweza kupatikana kwa bei ya chini, mradi mnunuzi awe radhi kuilenga mwenyewe kwa vidole vyake badala ya kuiachia kamera. Habari isiyopendeza ni kwamba wanunuzi wengi wa lenzi za aina hii hupoteza fedha zao, si kwa sababu lenzi ni mbovu, bali kwa sababu walianza kuchagua mahali pasipofaa.

KWA NINI NI NAFUU

Lenzi ya kulenga kwa mkono ina pete ambayo mpigapicha huizungusha hadi kile anachokitazama kionekane wazi. Zamani lenzi takriban zote zilikuwa hivyo.

Mambo yalianza kubadilika mnamo 1985, kampuni ya Minolta ilipotoa kamera yake ya 7000, iliyokuwa na mtambo wa kulenga ndani ya kamera yenyewe na ikapata soko kubwa. Miaka miwili baadaye, mnamo 1987, Canon nayo ilizindua kamera za EOS zenye kifungio kipya cha lenzi, na kuwaacha wateja wake wa awali na lenzi za FD zisizoweza kufungika katika kamera hizo mpya.

Hivyo mamilioni ya lenzi yakaingia makabatini. Vioo vyake havikuharibika kwa sababu ya mabadiliko hayo. Lenzi iliyopinda miale ya mwanga vyema mwaka wa 1975 huipinda vivyo hivyo leo. Kilichoshuka ni thamani yake sokoni, kwa kuwa wengi waliona taabu kuzungusha pete.

Zilizo nyingi zaidi ni zile za milimita 50. Kwa muda mrefu kamera za filamu ziliuzwa pamoja na lenzi ya urefu huo au unaokaribia, jinsi jiko linavyouzwa na vyuma vyake. Wingi huo ndio unaozifanya kuwa za bei ya chini kuliko ndugu zake wa milimita 85, ambao walinunuliwa na wachache.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Lenzi ya bei nafuu huwa hasara kwa njia tatu: inapokosa kuingiana na kamera yako, inapokuwa na maradhi yaliyofichika ndani, na unaposhindwa kuilenga. Tuzitazame kwa mpangilio huo.

ANZA NA KAMERA, SI LENZI

Kila kampuni ya kamera ina kifungio chake, yaani mdomo ambamo lenzi huingizwa na kukazwa. Tofauti si ya umbo tu. Kuna pia umbali kutoka kwenye kifungio hadi kwenye kihisi, ile sahani ndogo inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Lenzi ilibuniwa kukaa katika umbali maalumu. Ikisogezwa mbele kwa milimita moja au mbili tu, haitaweza tena kulenga vitu vilivyo mbali.

Adapta, ile pete inayounganisha lenzi ya kampuni moja na kamera ya nyingine, huongeza unene wake katika umbali huo. Kwa hivyo kanuni ni nyepesi: kamera yenye umbali mfupi hukubali lenzi nyingi za wengine, na yenye umbali mrefu hukubali chache.

Wenye kamera za Nikon za dijitali zenye kioo cha kuakisi wako katika kundi la pili. Kifungio chao cha F, kilichoanza 1959, kina umbali wa milimita 46.5, ambao ni mrefu kuliko wa wapinzani wao wengi. Ukitaka kufunga hapo lenzi ya kampuni nyingine, mara nyingi utahitaji adapta yenye kipande cha kioo ndani, na kipande hicho cha bei ya chini hupunguza ubora uliokuwa ukiutafuta. Ushauri kwao ni kubaki na lenzi za Nikon zenyewe.

Lakini hata hapo pana mtego. Lenzi za Nikon zijulikanazo kama AI, zilizoanza 1977, huingia katika kamera ndogo kama D3100, D3200 na D5200, ila kamera hizo hazitapima mwanga. Mpigapicha hulazimika kukadiria mwenyewe, apige picha, atazame skrini, arekebishe. Katika D7000, D7100 na D7200, upimaji hufanya kazi baada ya kuiarifu kamera urefu wa lenzi na ukubwa wa tundu lake.

Lenzi zilizotangulia 1977 zisilazimishwe kabisa katika kamera hizi za daraja la D7000, isipokuwa ziwe zimerekebishwa, kwani zaweza kuvunja kijino kidogo kilicho kando ya kifungio.

Kwa mwenye Nikon ndogo, njia isiyo na usumbufu ni lenzi ya milimita 50 iitwayo f/1.8D. Hii ilitengenezwa ijilenge yenyewe, lakini kwa kutegemea mota iliyo ndani ya kamera. D3100 na wenzake hawana mota hiyo, kwa hivyo mikononi mwao lenzi hii hugeuka kuwa ya kulenga kwa mkono. Faida ni kwamba ina chipu ya kuzungumza na kamera: mwanga hupimwa kama kawaida, na nukta ya kijani kibichi huwaka ndani ya dirisha la kutazamia jicho linapolengwa sawasawa. Kumbuka tu kufunga pete yake ya tundu kwenye namba kubwa zaidi, la sivyo kamera itakataa kupiga.

Wenye Canon za EOS wana nafasi pana zaidi. Umbali wao ni milimita 44, mfupi kuliko wa Nikon, wa Olympus OM na wa zile lenzi za skurubu ziitwazo M42. Adapta nyembamba isiyo na kioo yatosha. Ajabu ni kwamba lenzi za FD, ambazo ni za Canon yenyewe, zina umbali wa milimita 42 na hazifai hapo. Wauzaji wengi hawalisemi jambo hili, na wanunuzi wengi hudhani jina moja lina maana ya udugu.

Wenye Pentax wamebarikiwa. Kifungio chao cha K hakijaachwa tangu 1975, na pete nyembamba huwawezesha kutumia pia lenzi za M42.

Kundi lenye uhuru mkubwa kuliko yote ni la kamera zisizo na kioo cha kuakisi. Umbali wake ni mfupi mno: milimita 18 kwa Sony E, 17.7 kwa Fujifilm X, 20 kwa Canon RF na 16 kwa Nikon Z. Hizi hukubali takriban kila lenzi ya zamani, zikiwemo zile za FD na za Minolta ambazo hazikuwa na pa kwenda. Ndiyo sababu baadhi ya lenzi hizo si rahisi tena kama zilivyokuwa kabla ya kamera hizi kuingia sokoni kuanzia mwishoni mwa 2008.

UREFU GANI UNAFAA?

Baada ya kujua kinachoingia katika kamera yako, swali la pili ni urefu wa fokasi, unaoandikwa kwa milimita kwenye mdomo wa lenzi.

Watu husema lenzi fupi hunenepesha pua. Ukweli ni kwamba anayeinenepesha ni mpigapicha aliyesogea karibu mno. Ukisimama nusu mita kutoka kwa mtu, pua yake iko karibu nawe zaidi kuliko masikio kwa kiwango kinachoonekana, nayo hutokea kubwa. Ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, tofauti hiyo hupungua na uso hurudi katika uwiano ambao sisi sote huuona tunapozungumza na mtu. Kazi ya lenzi ndefu ni kukuwezesha kusimama hapo na bado uujaze uso katika picha.

Kamera nyingi za bei ya wastani zina kihisi kilicho kidogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35. Kwa sababu hiyo hukata kingo za picha, na lenzi ya milimita 50 hutenda kama ya 75 katika Nikon, Sony na Pentax, au ya 80 katika Canon. Huo ndio urefu ambao wapigapicha wa studio waliupendelea tangu jadi. Hivyo lenzi iliyo nyingi na rahisi kuliko zote ndiyo inayofaa zaidi kwa mwenye kamera ndogo.

Tufanye hesabu. Ukitaka kupiga kichwa na mabega, kimo cha sentimita 70 hivi, kwa kamera ya kihisi kidogo iliyosimamishwa wima, lenzi ya milimita 50 itakuhitaji kusimama kama mita moja na nusu kutoka kwa mhusika. Ya 85 itakurudisha nyuma hadi mita mbili na nusu na zaidi kidogo. Ya 135 itadai mita nne na ushei.

Pima sebule yako kabla ya kununua. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, lenzi ya milimita 135 itakutoa nje ya mlango. Na hizo za 135 ni nyingi sokoni na huuzwa kwa bei ya kuvutia, hasa za tundu la f/2.8 na f/3.5. Zinafaa uwanjani au uani, si ndani ya nyumba zetu nyingi.

Kwa mwenye kamera ya kihisi kikubwa kinacholingana na filamu, lenzi ya milimita 85 ndiyo ya kutafuta. Asiyeimudu aanze na 50, ila ajue kwamba atalazimika kusogea hadi mita moja hivi ili ajaze kichwa na mabega. Ni bora arudi nyuma na apige hadi kiunoni.

TUNDU LA LENZI NA GHARAMA YAKE

Namba ya tatu ya kutazama ni ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga, kama vile f/1.4, f/2 au f/2.8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa na kamera hufikia f/5.6 tu inapovutwa hadi mwisho. Lenzi ya f/2 huingiza mwanga mara nane zaidi ya hiyo. Hii ndiyo tofauti kati ya kumpiga nyanya picha karibu na dirisha kwa utulivu, na kummulika kwa taa kali inayomfanya afumbe macho.

Tundu kubwa pia hufifisha mandhari ya nyuma, ili kamba ya nguo na bati za jirani zisishindane na uso wa mtu. Simu za kisasa huiga jambo hili kwa hesabu za kompyuta, na mara nyingi hukosea kwenye nywele na pembeni mwa miwani. Lenzi haikosei, kwa kuwa haibuni chochote.

Hata hivyo, usilipe zaidi kwa ajili ya f/1.2 au f/1.4 ukidhani ndipo ubora ulipo. Katika lenzi nyingi za zamani, picha iliyopigwa kwa tundu lililofunguka lote huwa laini na yenye utando wa mwanga. Hukaza vizuri ikifungwa hadi f/2.8. Aliyenunua f/1.4 na aliyenunua f/1.8 wakikutana kwenye f/2.8, ni vigumu kuwatofautisha, ila kwa stakabadhi zao za malipo.

KISA CHA HELIOS

Miongoni mwa lenzi za M42, moja imepata umaarufu kuliko zote: Helios 44-2 ya milimita 58 na tundu la f/2. Ilitengenezwa katika Muungano wa Kisovieti, mojawapo ya viwanda vyake kikiwa kile cha Krasnogorsk karibu na Moscow, na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit. Muundo wake ulifuata ule wa lenzi ya Kijerumani ya Biotar kutoka Carl Zeiss, Jena. Ilitolewa kwa mamilioni, na hilo ndilo lililoifanya kuwa nafuu.

Sifa yake ni kasoro iliyogeuka kuwa pambo. Mtu akisimama mbele ya mti wenye majani mengi, na lenzi ikiwa imefunguliwa hadi f/2, majani ya nyuma huonekana kana kwamba yanazunguka kichwa chake. Wapo wanaolipenda jambo hilo, na wapo wateja watakaouliza kwa nini picha inawapa kizunguzungu. Ukifunga tundu hadi f/4, mzunguko huo hutulia.

Mwenye Canon au kamera isiyo na kioo cha kuakisi anaweza kuijaribu bila majuto makubwa. Mwenye Nikon aipishe, kwa sababu za umbali tulizozitaja.

Nyingine za kuaminika ni Takumar za Pentax, hasa ya milimita 55 f/1.8, Minolta na Olympus za milimita 50, na Nikkor za AI za 50 f/1.8 na f/2. Katika lenzi ndefu, Nikkor ya milimita 105 f/2.5 ina heshima ya miaka mingi kwa picha za sura.

Takumar ya milimita 50 f/1.4 ni nzuri pia, ila baadhi yake zina kioo chenye madini ya thoriamu ambacho hugeuka rangi ya manjano kadiri miaka inavyopita. Kuiacha juani dirishani kwa siku kadhaa hupunguza manjano hayo.

Kwa anayeogopa vya zamani, kampuni za Uchina kama vile 7Artisans, TTArtisan na Meike hutengeneza lenzi mpya za kulenga kwa mkono kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha kuakisi. Faida yake ni kwamba haihitaji adapta, na haijawahi kulala kabatini mwa mtu.

KAGUA KABLA YA KULIPA

Mwandishi huyu aliwahi kununua lenzi kwa picha alizotumiwa na muuzaji. Kwa nje iling'aa kama sarafu mpya. Alipoimulika kwa tochi nyumbani, aliona nyuzi nyeupe zilizotambaa ndani ya kioo kama mizizi ya nyasi. Ilikuwa kuvu. Fundi aliyeombwa kuisafisha alitaja malipo yaliyozidi bei ya lenzi yenyewe.

Kuvu hupenda joto na unyevu, na kwa hivyo vitu vilivyohifadhiwa pwani bila uangalifu huwa hatarini zaidi. Nenda na tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, utazame kutoka mbele kwa pembe. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi, madoa yenye matawi, au ukungu mweupe unaoenea kioo kizima ni sababu ya kuondoka.

Zungusha pete ya kulenga kutoka mwanzo hadi mwisho. Iwe nzito kiasi na yenye mwendo mmoja, bila kukwama wala kulegea. Hii ndiyo pete utakayoishi nayo.

Kisha tazama majani ya chuma yanayofungua na kufunga tundu. Yawe makavu. Yakiwa na mafuta, huchelewa kufunga, na katika lenzi zinazotegemea kamera kuyasukuma picha zitatoka na mwanga kupita kiasi.

Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauonekani sana katika picha, ila kwenye kioo cha nyuma una madhara zaidi. Mdomo uliopindika ni ushahidi kwamba lenzi ilianguka. Mwisho, ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, piga picha kadhaa, uzikuze kwenye skrini. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekujibu tayari.

KUJIFUNZA KULENGA

Sasa tunafikia hasara ya tatu, ambayo haimo katika lenzi bali katika mikono yetu.

Kwa lenzi ya milimita 50 katika kamera ya kihisi kidogo, ukisimama mita moja na nusu na kufungua tundu hadi f/1.8, eneo linaloonekana wazi lina kina cha sentimita sita tu. Jicho likiwa wazi, sikio limefifia. Mtu akiinamisha kichwa kidogo unapobonyeza, jicho limetoka nje ya eneo hilo. Ukifunga hadi f/2.8, kina huongezeka hadi sentimita tisa au kumi. Kwa f/4, ni kama kumi na nne.

Anayeanza na aanzie f/2.8 au f/4. Heri mandhari ya nyuma yenye kuonekana kidogo, kuliko macho yaliyofifia.

Dirisha la kutazamia la kamera ndogo zenye kioo cha kuakisi halikuundwa kwa kazi hii, nalo hudanganya: huonyesha eneo lililo wazi kuwa pana kuliko lilivyo. Tumia skrini ya nyuma, ukuze picha mara tano au kumi juu ya jicho lililo karibu nawe, ndipo uzungushe pete. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi nyingi hupaka rangi kingo za sehemu zilizo wazi, jambo linalorahisisha kazi. Katika hizo, washa pia kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi, kwa kuwa kamera haitambui lenzi isiyo na chipu.

Mketishe mhusika. Aliyeketi, hasa kwenye kiti chenye egemeo, hayumbi kama aliyesimama. Kaza viwiko vyako kifuani, weka kasi ya 1/125 ya sekunde au zaidi, ukishalenga piga mara tatu au nne mfululizo.

Jihadhari pia na jua la saa sita. Katika jua kali, kwa tundu la f/2 na usikivu wa ISO 100, kamera huhitaji kasi ya takriban 1/6400 ya sekunde, ilhali kamera nyingi ndogo hukomea 1/4000. Picha itaungua. Ondoka juani, umpeleke mhusika barazani au chini ya mwembe. Kivuli hicho pia huondoa weusi unaojikusanya chini ya nyusi na pua.

Haya yote huchukua muda, na pengine huo muda ndio siri. Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake jijini Bamako mnamo 1948, alitumia kamera kubwa ya mbao, mwanga wa jua na kitambaa alichokitandaza nyuma ya wateja. Hakuwa na mtambo wa kumlengea. Picha zake leo huonyeshwa katika majumba makuu ya sanaa duniani. Aliyepigwa na mtu anayelenga polepole hupata nafasi ya kupumua, na uso wake hutulia.

WAKATI WA KUTONUNUA

Si kila mtu anayehitaji lenzi hii. Anayepiga watoto wanaokimbia, maharusi wanaoingia kanisani au wachezaji uwanjani atajutia kila picha iliyomponyoka.

Mwenye Canon yenye kioo cha kuakisi na alinganishe bei kwanza. Mnamo 2015 kampuni hiyo ilitoa lenzi ya milimita 50 f/1.8 STM inayojilenga yenyewe, kwa bei nafuu. Mitumba yake ipo. Ukijumlisha lenzi ya zamani, adapta na usafishaji, huenda ukapata umelipa sawa na hiyo au zaidi, na hapo unafuu umekwenda wapi?

Kwa ufupi, msomaji, mpangilio ni huu: kamera yako kwanza, kisha urefu unaotoshea chumba chako, kisha tundu la f/1.8 au f/2, kisha tochi, na mwisho subira. Anayefuata mpangilio huo hupata kioo kizuri kwa fedha kidogo. Anayeupindua hununua pambo la kabati.

Ukishainunua, usisubiri harusi wala mahafali. Nenda nyumbani Jumapili hii. Weka kiti mlangoni mwa mama, upande wenye kivuli, umwombe akae jinsi apendavyo. Lenga jicho lililo karibu nawe. Piga mara nne, uchapishe iliyo nzuri, umpe aitundike ukutani angali anaweza kuicheka.

Siku moja picha hiyo itahitajika. Ni heri iwe na uso wake mzima, na bega lake lisilo na mkono wa mtu mwingine.